Kenya Ilisema Ndio 2017. Sahihi Iko Wapi?

Wasee, mnamjua yule mtu wa grupu la WhatsApp la harambee. Anaandika "niko ndani", anaweka emoji ya makofi, halafu siku ya kutuma pesa simu haipatikani. Sasa kwa mambo ya bomu la nyuklia, mtu huyo ni Kenya.

Tarehe 7 Julai 2017, pale Umoja wa Mataifa New York, nchi 122 zilipiga kura kupitisha Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia. Kenya ilikuwa moja ya hizo 122. Mkataba ukafunguliwa kwa sahihi Septemba mwaka huohuo, na ukaanza kufanya kazi 22 Januari 2021. Mpaka leo naandika hivi, sahihi yetu haimo.

Cheki majirani. Tanzania ilitia sahihi 2019, ingawa bado haijaridhia. Komoro, visiwa ambavyo wengi wetu hatuwezi kuvionyesha kwa ramani, viliridhia 2021. Kongo ya Kinshasa, na shida zote ilizo nazo, ikaridhia 2022. Sisi tulio na ofisi kubwa za UN pale Gigiri tumebaki kupiga makofi.

Najua kuna mtu atasema: "Buda, sisi hatuna bomu. Hiyo ni vita ya wakubwa." Hapo ndipo nakataa. Urani nyingi iliyotumika kutengeneza mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Na Wafaransa walipotaka kujaribu bomu lao la kwanza, 13 Februari 1960, hawakulilipua kwao. Walilipua Reggane, jangwani Algeria, na wakaendelea hadi 1966. Milipuko 17. Kwa hivyo usiniambie Afrika haihusiki. Afrika ilitoa madini, kisha ikaletewa vumbi lenye sumu. Mkataba huu haukatazi bomu tu, unataka pia waathiriwa wasaidiwe na ardhi iliyochafuliwa ishughulikiwe.

Mwingine atasema tayari tuko kwa Mkataba wa Pelindaba, ule unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Sawa, na ni kitu kizuri. Lakini moshi hausimami mpakani kugongewa pasipoti. Mwaka 2022 watafiti walichapisha kwenye jarida la Nature Food makadirio kwamba vita vya nyuklia kati ya India na Pakistan pekee vinaweza kuua zaidi ya watu bilioni 2 kwa njaa, kwa sababu masizi yataziba jua na mazao yatakufa. Kumbuka vile bei ya unga wa ngano ilipanda vita vya Ukraine vilipoanza, na hapo hakuna bomu la nyuklia lililolipuka.

Halafu kuna ile ya "wenye mabomu hawajasaini, kwa hivyo ni karatasi tu." Marekani, Urusi na China hawakujiunga pia na Mkataba wa Ottawa wa 1997 wa mabomu ya kutegwa ardhini. Kenya ilijiunga, na 2004 Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano wake mkubwa. Bila hao wakubwa, makumi ya mamilioni ya mabomu hayo yameharibiwa kwenye maghala. Ndio, juzi nchi kadhaa za Ulaya zimejitoa. Hiyo ni sababu ya sisi wengine kushikilia zaidi, si ya kulegea.

Na tafadhali tusichanganye hii na ile stori ya kinu cha umeme wa nyuklia. Uunge mkono au uwe na wale waliokipinga kule Uyombo, Kilifi, mkataba haugusi umeme. Unagusa silaha. Serikali haiwezi kujificha hapo.

Kwa hivyo nini kinazuia? Jibu la maana sijalisikia. Kutia sahihi ni kazi ya serikali. Kuridhia kunapitia Baraza la Mawaziri, kisha Bunge la Taifa, na sheria yetu ya mikataba ya 2012 inataka wananchi watoe maoni. Yaani kuna mlango wetu kabisa, na hakuna anayeubisha.

Sisi ndio kizazi kilichosoma Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu na kuwaelezea wazazi wetu. Mkataba huu una vifungu 20 pekee. Usome. Halafu mbunge wako akija kwenu kuzindua choo cha shule, muulize swali moja tu: tulisema ndio 2017, sahihi iko wapi?

Kwa harambee, "niko ndani" haijawahi kulipa bili ya mtu.