Oksijeni si ya wagonjwa wa Korona pekee

Hapa Pwani, kila kichwa kinachouma upande mmoja twakiita kipandauso. Lakini yako maumivu mengine, madaktari huyaita klasta, nami ninayo mwaka wa kumi na moja sasa.

Hukaa nyuma ya jicho moja. Jicho hutoka machozi, pua huziba upande huohuo. Shambulio huchukua dakika 15 hadi saa 3, na huweza kurudi hata mara 8 kwa siku. Mwenye kipandauso hutaka kulala gizani. Mwenye klasta hatulii, hutembea huku na huko usiku kucha. Ndiyo maana jamaa hukimbilia kusema ni jini.

Vidonge vya dukani havisaidii sana. Hufanya kazi polepole mno. Kinachosaidia ni oksijeni safi kwa barakoa, lita 12 kwa dakika, robo saa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2009 ulionyesha mashambulio 78 kati ya 100 yalipoa kwa oksijeni, dhidi ya 20 kwa hewa ya kawaida.

Tangu Korona, hospitali nyingi nchini zimeongezewa oksijeni. Hata hivyo, hospitali moja ilinirudisha nyumbani, eti oksijeni ni ya asiyeweza kupumua. Mtungi ulikuwa pale, umeegemea ukuta.

Hapa tatizo si pesa, ni ujuzi. Idara za afya za kaunti ziwape wahudumu wa dharura mwongozo wa ukurasa mmoja. Nawe msomaji, ukiona dalili hizi kwa nduguyo, kabla ya kumpeleka kwa mganga, mpeleke kwa daktari wa mishipa ya fahamu.