Mtoi anayepepesa macho hahitaji kiboko

Ukikaa mitaa ya Voi, iwe Sofia au Mwakingali, hukosi kumwona mtoi anayepepesa macho bila kukoma, au anayerusha bega, au anayeguna kooni kama amekwama na mfupa wa samaki. Nyumbani anaambiwa aache mchezo. Shuleni ticha anadhani anaigizwa yeye, na kiboko kinatoka, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumchapa mwanafunzi. Mambo yakizidi, kuna atakayesema ni pepo. Wataita wana hata neno lao, saka, la kutikiswa na kitu usichokitawala, ingawa hilo lilisemwa zaidi kuhusu akina mama.

Madaktari wanaziita tiki. Mara nyingi huanza kati ya miaka 5 na 7, huwapata wavulana kuliko wasichana, na kwa wengi hupungua wanapokua. Mtoto anaweza kuzizuia kidogo, vile wewe unavyozuia chafya, halafu zinatoka tu. Kumwambia "acha" ni kazi bure.

Sasa hapa ndipo stori inanoga. Mwaka 1998, Daktari Susan Swedo na wenzake huko Marekani walieleza kuhusu watoto 50 ambao tiki au tabia za kurudiarudia jambo ziliwavamia ghafla au kuzidi baada ya kuambukizwa streptokoka, bakteria wa maumivu ya koo. Dhana yao ni kwamba kinga ya mwili hutuma askari wapigane na bakteria, askari wanachanganya sura, wanashambulia sehemu za ubongo zinazoongoza viungo. (Mimi chuo niliacha, lakini hiyo niliielewa.) Si dhana ya hewani. Ugonjwa wa Sydenham, unaomfanya mtoto arushe mikono na miguu bila kupenda, unajulikana kufuata bakteria haohao.

Hata jirani zetu Uganda, upande wa Kitgum na Pader, kuna ugonjwa wa watoto kutikisa kichwa. Ule ni aina ya kifafa, si tiki. Lakini mwaka 2017 watafiti walipata kwa baadhi yao chembe za kinga zinazoweza kudhuru ubongo, wakashuku minyoo inayoenezwa na nzi weusi wa mtoni. Ubishi bado upo.

Kwenye tiki pia upo. Utafiti wa Ulaya uliofuatilia watoto 715 wenye tiki, uliochapishwa 2021, haukuona kwamba streptokoka ndiyo huzizidisha. Kwa hivyo mzazi, usikimbilie kemisti kununua antibiotiki eti umesoma mtandaoni zinatibu tiki. Noma ni kuzoesha bakteria dawa bure.

Koo lenyewe lisipuuzwe, lakini. Mtoto akiwa na homa na koo linauma, apelekwe kituo cha afya apimwe, maana streptokoka isiyotibiwa inaweza kuharibu vali za moyo, na hilo halina ubishi. Tiki zikianza ghafla, mwambie daktari pia kama mtoto aliugua wiki zilizopita.

Kuhusu kiboko, sayansi haihitaji kumaliza mabishano yake kwanza. Iwe ni kinga ya mwili, ni urithi wa ukoo au ni vyote viwili, hakuna anayesema mtoto anafanya makusudi. Mkutano ujao wa wazazi, muulizeni mwalimu mkuu ni nani bado anachapa.