Linauma kama nini?

Mtoto akisema "mama, tumbo linauma", wengi wetu tunauliza: wapi? Swali la pili tunalisahau: linauma kama nini?

Jibu lake linafundishwa darasani. Kwenye Kiswahili cha shule ya msingi mtoto hukutana na hadithi, vitendawili, methali na tashibiha, yaani kufananisha kitu na kingine kwa neno "kama". Mzazi anaweza kudhani hayo ni ya mtihani tu, lakini daktari naye anayahitaji.

Katika hospitali za nchi nyingi, watoto kuanzia miaka 3 huonyeshwa picha 6 za nyuso, kuanzia inayotabasamu hadi inayolia. Picha hizo za Wong-Baker hueleza maumivu ni makali kiasi gani. Hazielezi ni ya aina gani. Hapo ndipo tashibiha inapofanya kazi. Mkojo unaochoma "kama pilipili" humfanya daktari afikirie kuupima. Tumbo linalokaza "kama nguo inayokamuliwa", kisha likaachia, humfanya afikirie utumbo.

Hadithi nayo inasaidia. Maumivu ya kidole tumbo mara nyingi huanzia kitovuni, halafu huhamia chini upande wa kulia. Mtoto aliyezoea kusimulia kwa "kwanza", "halafu" na "sasa" ataieleza safari hiyo. Asiyezoea atasema tu "linauma".

Nyumbani, kabla ya kulala, tegeaneni vitendawili. Yai likiitwa nyumba isiyo na mlango, mtoto anajifunza kuona kitu kimoja kwa kutumia kingine. Kisha muulize: mguu ukifa ganzi unahisi kama nini? Koo likikauka je?

Siku akiumwa, usimtilie maneno mdomoni. Ukisema "linachoma kama sindano, eh?", atakubali tu ili akuridhishe. Mwache afananishe mwenyewe, uandike maneno yake kwenye simu, umfikishie daktari hayohayo bila kuyapamba.

Lakini kuna wakati wa kuacha maswali. Mtoto anayepumua kwa shida, aliyepata degedege, anayetapika kila anachokula, asiyeweza kunywa au kunyonya, au aliyelegea kupita kawaida, mpeleke kituo cha afya mara moja. Maelezo yatafuata mkiwa huko.