Cheni Hufa kwa Oili, Si kwa Miaka

"Hii ni ya cheni, si ya beliti." Mnunuzi wa gari la mtumba akiambiwa hivyo, awe Busia au Tororo, huona ameepuka gharama moja kubwa. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Subaru Forester za zamani zenye injini ya EJ20 hutumia beliti ya taimingi inayobadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Injini ya FB20, iliyochukua nafasi yake mwishoni mwa 2010, ina cheni ya chuma isiyopangiwa tarehe kama hiyo. Kosa linaingia hapo: watu wamechukulia kwamba kisicho na tarehe hakichakai.

Cheni huunganisha krankshafti na kamshafti ili valvu zifunguke na kujifunga kwa wakati wake pistoni zinapopanda na kushuka. Huteleza juu ya reli za plastiki, na hukazwa na tenshena ambayo katika injini nyingi za leo husukumwa na presha ya oili. Oili basi ina kazi mbili, kuilainisha cheni na kuikaza. Ikichoka, ikijaa masizi au ikipungua, pini za cheni hulika. Kila pini hupoteza kiasi kidogo mno, lakini pini ni nyingi, na cheni hurefuka. Siku inaporuka meno, pistoni hugonga valvu zilizo wazi na kuzipinda. Hapo bili si ya cheni tena, ni ya silinda hedi au ya injini nzima.

Bodaboda zilianzia Busia kwa baiskeli zilizovusha watu mpakani, na cheni ya bodaboda iko nje, machoni pa kila mtu. Mwendeshaji akiona imelegea huikaza, ikikauka huipaka oili. Ya gari imefungiwa ndani ya injini, na mwenye gari hutegemea masikio na kumbukumbu yake tu.

Kumbukumbu hiyo hupotoshwa na mita ya kilomita. Probox nyingi, zenye injini ya 1NZ-FE ya cheni, hubeba abiria magharibi mwa Kenya. Gari husimama stejini injini ikinguruma hadi lijae, hushusha na kupakia njiani, kisha husimama tena. Saa zote hizo oili inachoka ilhali kilomita hazisogei. Dereva anayengoja zifike 10,000 ndipo amwage oili anaihukumu cheni yake bila kujua. Safu hii inashauri 5,000, na kwa gari linalokaa stejini kutwa, hata chini ya hapo. Isitoshe, oili ya kupimwa kutoka kwenye pipa lisilo na lebo haina wa kuidhamini. Nayo 20W-50, inayopendwa kwa kuwa ni nzito, huchelewa kuifikia tenshena asubuhi injini ikiwa baridi, wakati ambapo cheni inaihitaji kuliko wakati wowote.

Sheria za mpakani zinahesabu miaka. Kiwango cha KS 1515 cha Kenya kinakataa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria ya 2018, inakataa lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Gari la miaka 12 ambalo Kenya haiwezi kulipokea hupita Busia au Malaba likiwa safarini, likasajiliwe Uganda. Ukaguzi wa Japani hutazama breki, taa na mita ya kilomita, injini haifunguliwi. Si upande wa Kenya wala wa Uganda unaouliza oili ilibadilishwa mara ngapi, na hilo ndilo swali lenye uzito.

Si haki kuwatwika wenye magari lawama yote. Watengenezaji nao walikosea. Nchini Marekani, Volkswagen ilikubali mwaka 2018 kulipa fidia katika kesi ya cheni na tenshena za taimingi. BMW iliiweka cheni ya injini yake ya dizeli N47 upande wa giaboksi, mahali ambapo kuibadilisha ni kazi ya kushusha injini. Golf iliyotoka Japani ikapitia Mombasa haimo katika fidia ya Wamarekani. Mnunuzi wa hapa hubaki na fundi wake.

Fundi naye aulizwe. Kubadilisha cheni peke yake na kuacha tenshena, reli na meno yaliyolika ni kumrudisha mteja gereji baada ya muda mfupi. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ikionyesha kodi P0016, krankshafti na kamshafti hazipatani, na cheni iliyorefuka ni kati ya mambo ya kwanza ya kukaguliwa. Kufuta kodi hiyo na kumkabidhi mtu ufunguo ni udanganyifu.

KEBS na UNBS, mashirika ya viwango ya nchi hizi mbili, yangeweza kudai rekodi ya oili iandamane na kila gari la mtumba. Hadi yafanye hivyo, mnunuzi alikute gari likiwa baridi. Cheni iliyolegea hukwaruza kwa sekunde chache tu baada ya kuwasha, kisha presha ya oili huinyamazisha. Muuzaji aliyelipasha gari moto kabla ya mteja kufika amemnyima sekunde hizo, na mteja ana haki ya kurudi kesho alfajiri kabla ya kutoa hata shilingi moja.