Risiti ya Shangazi

Auburn, Sydney

Ndugu zangu wa Tanga, wa Ngamiani, wa Chumbageni na wa Pongwe, na yeyote mwingine ambaye barua hii itamfikia,

Huku ni saa tatu usiku, kwenu saa nane mchana. Nimekata simu na mdogo wangu sasa hivi, na ninaandika kabla moyo haujatulia, maana ukitulia nitaona haya kuyasema.

Mdogo wangu anasema harudi hospitali kufuata majibu. Ijumaa iliyopita alichomwa sindano nene kwenye ziwa la kushoto, wakatoa kinyama, wakakitia kwenye kichupa cha dawa na kukipeleka Dar es Salaam. Aliambiwa arudi baada ya wiki mbili. Sasa kuna mtu kamwambia kwamba uvimbe ukishachokonolewa unasambaa, na kwamba bora aende kwa mzee mmoja wa miti shamba huko Muheza. Ameniruhusu niyaandike haya bila kumtaja jina, na nimemshukuru, kwa sababu najua si yeye peke yake.

Shangazi yetu mnamkumbuka, yule wa vitumbua, Barabara ya Kumi na Mbili. Uvimbe wake ulianza kama punje ya choroko. Kuna mahali alikokwenda wakamwambia ni jipu, wakampa vidonge, akarudi wakampa vingine, ikawa miezi mitano, na hakuna hata mmoja aliyemgusa kwapani kuangalia kama tezi zimevimba. Alipofika kwa daktari aliyemsikiliza, uvimbe ulikuwa umefika ukubwa wa kokwa ya embe. Yule daktari akachukua kinyama siku hiyohiyo. Shangazi akarudi nyumbani, na maneno yakaanza: kisu kimeingia, sasa ugonjwa umeamshwa. Hakurudi tena.

Mimi nilifika siku ya nne ya msiba. Baada ya arobaini tulifungua sanduku lake ili tugawane kanga zake. Katika pindo la kanga moja ya zamani palikuwa na fundo dogo, gumu. Nikadhani ni pesa. Nilipolifungua nikakuta risiti ya maabara iliyokunjwa mara nne, wino wa buluu umetawanyika kwa jasho, lakini namba yake bado ilisomeka. Alikuwa ameitunza. Mtu anayetunza risiti namna ile alikuwa na nia ya kurudi. Alichokosa ni mmoja wetu wa kumshika mkono na kumwambia, twende.

Mwaka niliotimiza miaka 50, serikali ya huku iliniletea bahasha nyumbani. Kila mtu aliyefika umri huo huletewa, kila baada ya miaka miwili mpaka afike 74, na tangu Julai 2024 hata wenye 45 wanaweza kuiomba. Ndani yake mna karatasi ya kutandaza juu ya maji ya choo na vichupa viwili vyembamba, kila kimoja na kijiti kwenye kifuniko. Unapitisha kijiti juu ya choo kubwa, unakirudisha kwenye kichupa, unaandika jina na tarehe, unakihifadhi kwenye friji. Siku nyingine unarudia kwa kichupa cha pili, kisha vyote unavituma kwa posta. Maabara hutafuta damu ambayo jicho haliwezi kuiona, kwa sababu saratani ya utumbo mpana, na vinundu vinavyoitangulia, huweza kuvuja damu kidogokidogo muda mrefu kabla mtu hajasikia maumivu yoyote.

Ile bahasha niliiweka juu ya friji nyuma ya kopo la majani ya chai, ikakaa miezi minne. Kila nilipochukua majani niliiona. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, kila wiki nampeleka mmoja au mwingine kwenye vipimo, lakini kilichonishika kilikuwa kilekile kilichomshika Shangazi. Usiku mmoja nilikumbuka lile fundo la kanga, nikaishusha bahasha.

Majibu yalikuja: damu imeonekana.

Nilikwenda kwa daktari wangu, si mbali na kituo cha treni cha Auburn. Mtaa huu mngeupenda. Mikate inatoka kwenye tanuri za Waturuki na Waafghani, minara ya msikiti wa Gallipoli inaonekana kutoka mbali, na kwenye benchi la kusubiri utasikia lugha tano kabla hujaitwa. Kiingereza changu kinatosha kazini, ila siku ile nilitaka kusikia habari za mwili wangu kwa lugha niliyofundishwa na mama. Kuna huduma ya wakalimani ya taifa, namba yake ni 131 450, na Kiswahili kimo. Daktari akapiga, simu ikawekwa mezani baina yetu, ikatoka sauti ya mwanamke mwenye lafudhi ya Kiamu. Akanitafsiria kwamba damu peke yake si saratani. Yaweza kuwa bawasiri, yaweza kuwa kidonda, yaweza kuwa kinundu. Akasema, "Watapitisha mrija wenye kamera, na wakiona kitu watachukua kinyama."

Kinyama. Neno lile, mbali namna ile na Tanga, kwa sauti ya mwanamke wa pwani. Nililia pale, na daktari akanisogezea karatasi laini bila kuuliza.

Usiku wa kuamkia kipimo nilikunywa dawa ya kusafisha tumbo, nikaenda chooni mpaka yakatoka maji matupu. Asubuhi nilichomwa sindano ya usingizi, na nilipoamka kazi imekwisha. Walikuta vinundu viwili kama uyoga mdogo, wakavikata palepale na kuvitia kwenye vichupa. Maabara ikasema si saratani, ila ni aina ambayo ingeachwa miaka kadhaa ingeweza kugeuka. Nimepangiwa tarehe ya kurudi kuangaliwa tena.

Nimeyasema haya ya chooni hadharani ili mfahamu jambo moja, maana naona linatuchanganya sana. Vipimo vingi tunavyoviogopa ni kubisha hodi tu. Kile cha choo ni hodi. Mamogramu, ambayo wanawake wa huku wa miaka 50 hadi 74 hupigwa bila malipo kila miaka miwili, ni hodi. Siki wanayopakwa wanawake kwenye zahanati na vituo vya afya nyumbani, ambayo huacha weupe pale ambapo mlango wa kizazi una mabadiliko, nayo ni hodi, na dada mmoja wa kwetu alikimbia alipoambiwa weupe umeonekana, akidhani ameshahukumiwa. Weupe ule mara nyingi ni dalili ya mapema tu, na aghalabu hutibiwa siku ileile kwa kugandishwa au kuunguzwa kidogo, usifike kuwa saratani. Huku tangu 2022 kila mwanamke aliyefikia umri wa kupimwa mlango wa kizazi anaweza kujichukulia mwenyewe pamba ya kipimo cha kirusi cha HPV nyuma ya pazia, bila kulala kitandani mbele ya daktari. Natamani siku moja na dada zangu wote wapate sitara hiyo.

Kaka zangu, na nyinyi tezi dume. Nawajua mnavyokwepa kwa sababu ya kidole. Siku hizi huanzwa na damu ya mkononi, kipimo cha PSA. Kikipanda si lazima iwe saratani, tezi ikikua kwa uzee au ikiwa na maambukizi nacho hupanda. Ni hodi vilevile.

Anayefungua mlango na kuutazama uso wa aliyemo ndani ni kinyama. Hukaa kwenye dawa ya kukizuia kisioze, kisha hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hupakwa rangi ya waridi na zambarau, na mtaalamu huvitazama kwa hadubini kimoja baada ya kingine. Kama ni saratani ya ziwa, hupimwa tena kuona kama inalishwa na homoni, kwa sababu ikiwa ndivyo kuna vidonge vya kuinyima chakula hicho, na ikiwa sivyo dawa ni nyingine. Ndiyo maana majibu hukawia. Na ndiyo maana asiye na majibu ya kinyama hawezi kutibiwa sawasawa hata akienda India.

Kuhusu kusambaa, mdogo wangu, nisikilize. Sindano haiugeuzi uvimbe salama kuwa saratani. Na kama ni saratani, haingoji kuguswa ndipo isafiri, ina njia zake, hupita kwenye mishipa mpaka kwenye tezi za kwapani kwa wakati inaotaka yenyewe. Shangazi hakuuawa na kisu. Tena uvimbe mwingi wa matiti si saratani kabisa. Huenda karatasi inayokusubiri ni ya kukupa raha, na wewe unaikimbia.

Kuna jingine ambalo lilinikera sana niliporudi nyumbani safari iliyopita. Ni kile kimashine ambacho mtu anashikishwa chuma mkononi, kinaunganishwa na kompyuta, na baada ya dakika mbili zinatoka kurasa nyingi za ini, figo, moyo na kizazi, kisha anauziwa makopo ya dawa. Mama mmoja alinionyesha karatasi zake kwa fahari. Kimashine kile hakioni saratani wala ugonjwa wa moyo. Hakuna hata kipimo kimoja cha damu kinachotambua saratani zote. Pesa aliyoitoa pale ingemlipia altrasaundi.

Moyo nao una taratibu zake, na kwake jambo kubwa ni saa. Mzee mmoja wa Kituruki ninayemhudumia alilalamika usiku kwamba kifua kinaungua kama kiungulia, na shingo imelowa jasho. Wahudumu wa gari la wagonjwa walimbandika nyaya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hapohapo kitandani. Mistari ikaonekana ya kawaida. Hawakumwacha. Hospitali wakampima damu kutafuta troponini, protini inayovuja msuli wa moyo unapoumia, wakarudia baada ya saa kadhaa kwa sababu hupanda taratibu. Ya pili ilikuwa juu. Wakapitisha mrija kwenye mshipa wa kifundo cha mkono mpaka kwenye moyo, wakamwaga dawa inayoonekana kwenye eksirei, wakaona palipoziba na kupazibua. Wiki ya pili alikuwa ananidai chai.

Baba mdogo wetu alikuwa na maneno hayohayo, kiungulia na jasho. Alipewa dawa ya vidonda vya tumbo akarudishwa nyumbani. Hatujui kilichomuua, kwa kuwa hakuna aliyempima. Ninachoomba ni kwamba mtu wa makamo, mwenye presha au sukari, akisema kifua kinaungua na anatoka jasho, msikubali aondoke bila ECG, na msikubali ECG moja nzuri iwe mwisho wa mazungumzo. Zamani wagonjwa wetu wengi wa moyo walipelekwa India. Tangu 2015 Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo pale Muhimbili, na mrija kama ule wa yule mzee wanaupitisha. Na mtoto anayeumwa koo mara kwa mara kisha viungo vikavimba, apimwe eko, altrasaundi ya moyo. Ugonjwa ule wa koo na viungo huharibu vali za moyo kimyakimya. Hapa Sydney si rahisi kuuona, lakini watoto wa wenyeji wa asili huko kaskazini mwa nchi hii tajiri bado wanaugua kama wetu. Siwezi kuwaambia kwamba huku ni peponi.

Sasa niseme na wenzangu tulio nje, kwa sababu hili ni letu. Shangazi alipofariki, kundi letu la WhatsApp lilichanga kwa siku mbili pesa za sanda, turubai, ng'ombe na mabasi mawili. Kila mtu alituma na kuandika inna lillahi. Miezi sita kabla, alipoomba nauli ya Dar na pesa ya kipimo, tuliulizana maswali: ni kipimo gani, kwa nini hospitali ile, mwezi uliopita si alitumiwa? Na mimi niliuliza. Nina ujumbe wangu huo mpaka leo kwenye simu, siufuti. Msiba hauna maswali, na mgonjwa tunamhoji kama mwizi. Kwa hiyo kuanzia mwezi huu pesa ninayoichangia misiba naitenga nusu iwe ya vipimo, na anayehitaji aniletee karatasi ya daktari tu, hatahojiwa na mtu. Atakayeungana nami aniandikie faragha.

Dada mkubwa, nauli ya watu wawili nimeituma leo. Nenda naye, hata kama atakukasirikia njiani. Mkiingia kwa daktari muulize kinyama kimesema nini, muulize kama kuna kipimo kingine cha kufanyiwa hichohicho kinyama, na mwombe nakala ya majibu ibaki mikononi mwenu.

Na wewe mdogo wangu, risiti unayo. Najua unayo, umeniambia umeiweka ndani ya Yasin. Itoe, ipige picha mbele na nyuma unitumie usiku huu. Nimeichaji simu, nimeiweka karibu na mto.

Dada yenu wa Auburn.