Miombo Imechipua, Mvua Bado Haijaamua

Juma hili tunaomba ruhusa ya kuyaweka kando mambo mazito, tuzungumze juu ya majani.

Katika vitabu tulivyosoma seminarini, majira ya kuchipua yalikuwa mali ya Ulaya. Theluji huyeyuka, maua hutokeza, washairi hulia kwa furaha. Hatukuambiwa kwamba huku Nandagala, na kote kuelekea Ruangwa na Nachingwea, tunayo majira ya namna hiyo, nayo hayangoji mvua. Mwezi wa Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa ingali ngumu na nyeusi kwa mioto ya kiangazi, myombo na mtondoro hutoa majani mapya kwa maji yaliyohifadhiwa ndani ya mti na yale yavutwayo na mizizi mirefu. Majani hayo huanza yakiwa mekundu kama shaba, ndipo polepole hugeuka kijani. Mgeni apitaye hudhani msitu unakauka, kumbe ndio kwanza unaanza.

Baadaye huja mawingu. Wataalamu wa hali ya hewa huuhesabu mkoa wetu wa Lindi miongoni mwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Lakini ninyi mnaoishi hapa mnajua jinsi Novemba ilivyo na hila. Asubuhi jua kali, saa tisa ngurumo, saa kumi matone manane ya kuudhi vumbi tu, kisha siku kumi za ukavu. Aliyepanda kwa haraka hupoteza mbegu, naye aliyesubiri mno huachwa na mvua. Hata Serikali ya Uingereza, iliyoanzisha mpango wake mkubwa wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ikiwa sehemu mojawapo, iliufuta mwaka 1951 baada ya udongo, ukame na mitambo isiyofaa kuushinda. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga hizo haipo tena. Miombo ipo.

Tunasema haya kwa sababu tunaona desturi moja inatutoka. Mtu aliyesoma hulipita pori ndani ya gari akiwa amefunga vioo. Asiyesoma huingia humo akiwa na shoka, jembe au kiberiti. Ni wachache wanaokwenda ili kuona tu. Watoto bado wanajua: mvua ya kwanza ikinyesha, wao ndio wanaokimbilia kumbikumbi jioni, nao ndio wanaofuatana na bibi zao kutafuta uyoga. Lakini hata wao, wakishafaulu mtihani, hufundishwa kuyaonea haya mambo hayo kana kwamba ni ya kimaskini. Sisi tunaona kwamba kijana asiyeweza kutaja miti kumi ya kijijini kwake amepungukiwa elimu, hata awe na vyeti vingapi.

Yupo atakayetuambia kwamba kustarehe na mawingu ni anasa ya mtu asiye na korosho uani. Hoja hiyo ina nguvu, nasi tulikutana nayo uso kwa uso. Mchana mmoja wa Novemba tulikuwa tukirudi kwa miguu kutoka kigangoni, pikipiki ikiwa imebaki huko kwa ubovu (na tukiri, tulifurahi kupata kisingizio cha kutembea). Upepo ulibadilika ghafla, ukaleta ile harufu ya udongo unaokaribia kulowa. Tulisimama tukaivuta kwa raha. Ndipo tukasikia kelele kutoka nyumba ya jirani: mama na watoto walikuwa wakikimbia kukunja turubai lililojaa korosho zilizoanikwa. Korosho ikilowa huota ukungu na kupata madoa, nayo hushuka daraja. Ada ya shule ya mtoto inaweza kupotea katika robo saa ile. Tulikimbia, tukashika pembe moja ya turubai, tukalowa hadi ndani.

Tulipokaa barazani tukisubiri mvua ikatike, tuliona aibu kidogo kwa ile raha yetu ya dakika tano zilizopita. Mama mwenye nyumba hakuiona aibu hiyo. Alitupa kitambaa cha kujifuta, akatazama kule msituni ambako majani mekundu yalikuwa yaking'aa kwa maji, akasema, "Baba Paroko, mvua hii mbaya kwa korosho, lakini tazama ilivyopendeza." Maneno yote mawili aliyasema kwa pumzi moja, na wala hakuona haja ya kuchagua mojawapo.

Mvua ile haikufika nusu saa. Kesho yake saa tatu jua lilikuwa kali, turubai likatandazwa upya, na wale watoto walikuwa wamekwisha kwenda porini na vikapu.