MAONI YETU: CHUJIO LIFUNGULIWE KWANZA



Mwezi huu hatuanzi na habari ya mishahara. Twaanza na kopo moja dogo ambalo kila fundi wa ndege ndogo alijua: chujio la mafuta ya injini.

Mwanachama mmoja ametuletea mashtaka yake. Jioni moja alikuwa akibadilisha mafuta ya ndege ya injini moja. Msimamizi akamwambia, "Tupa hilo chujio la zamani, funga jipya, tia sahihi. Abiria wanaondoka alfajiri." Fundi akakataa kutia sahihi kabla ya kulikata na kulitazama. Ndani akakuta vipande vya chuma vinavyong'aa, na sumaku ikavishika. Ndege haikuruka. Lakini fundi wetu akapewa barua ya onyo, ati amechelewesha kazi!

Twauliza: katika wawili hawa, ni nani aliyestahili barua?

Wako matajiri wanaodhani kazi ya chujio ni kuzuia uchafu tu. Sisi mafundi twajua kwamba chujio ni shahidi. Kamshafti ikianza kulika, au beringi ikianza kuchakaa, injini yaweza kunguruma vizuri bado, lakini chujio limekwisha kujua. Kulitupa bila kulifungua ni kumfukuza shahidi kabla hajasema.

Tena, chujio likijaa uchafu mafuta hayasimami. Iko vali inayofunguka ili injini isikauke, na hapo mafuta hupita bila kuchujwa. Kwa hiyo mwenye ndege anayeahirisha kubadilisha hasikii kitu, naye hudhani ameokoa pesa. Kumbe anasaga injini yake mwenyewe. Watengenezaji wa Lycoming wamesema wazi: injini yenye chujio kamili ibadilishwe mafuta na chujio kila saa 50 za kuruka au kila miezi minne, lolote litakalotangulia. Yenye wavu tu, kila saa 25.

Katika kuchagua, mtu asidanganywe na umbo. Machujio mawili yaweza kufanana na kuingia katika nyuzi zile zile, lakini moja lina vali ndani yake na la pili halina, kwa sababu injini yake ina vali mahali pengine. Nguvu ya kufungua vali nayo hutofautiana. Chujio la motokaa si la ndege, hata likiwa rahisi namna gani. Tazama namba katika orodha ya mtengenezaji, dai hati zake, na lililoanguka sakafuni lisifungwe.

Katika kufunga, hakikisha gaskiti ya zamani haikubaki imeganda kwenye injini, maana gaskiti mbili zikikutana mafuta yatamwagika. Paka gaskiti mpya mafuta yaliyoagizwa, kaza kwa spana ya kupimia nguvu kama ilivyoandikwa juu ya kopo, funga waya ili lisilegee, kisha washa injini na utazame kama linavuja.

Na la zamani likatwe kwa chombo chake, si kwa msumeno, kwa maana msumeno huacha unga wa chuma wake na kumchanganya shahidi. Toa karatasi, ioshe, ikunjue penye mwanga, pitisha sumaku. Vipande vyeusi vinavyopondeka kwa kidole ni masizi. Vinavyong'aa na kushikwa na sumaku ni chuma. Vinavyong'aa na kuikataa sumaku vyaweza kuwa aluminiamu au shaba. Yote yaandikwe katika kitabu cha injini, na likizidi jambo, ndege isimame.

Ndugu, ndege ndogo zinazoruka kutoka kiwanja cha Wilson, Nairobi, hubeba wagonjwa, wageni na vijana wanaojifunza urubani. Ikitokea ajali, kitabu kitafunguliwa, na jina litakalosomwa ni la fundi. Msimamizi aliyesema "haraka, haraka" hatakuwamo katika kitabu hicho.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kila karakana iwe na chombo cha kukatia machujio. Muda wa kulifungua na kulikagua uhesabiwe kuwa kazi, wala usiibwe katika saa ya chakula ya fundi. Na barua ya mwenzetu ifutwe, wala asiandikiwe mwingine kwa kukataa kutia sahihi jambo asilolitazama.

Lakini nasi tujidai wenyewe. Mwanachama anayetia sahihi bila kutazama ili apendwe na msimamizi anamvunjia nguvu yule anayekataa. Tukikataa sote, hatakuwapo wa kuandikiwa barua.

Haraka haraka haina baraka. Angani haina hata mahali pa kuegesha.

Mhariri